Uvimbe wa tezi shingoni: anza na sindano kabla ya kuulizia tiba ya mawimbi ya sauti

Mimi ni mpiga ultrasaundi katika hospitali ya misheni mkoani Njombe. Wanaolala kwenye kitanda changu cha vipimo wanatoka Makete, Ludewa na Wanging'ombe, wengine wanapanda basi kutoka Mafinga au Mbarali. Wengi ni akina mama wenye uvimbe shingoni waliouficha kwa mtandio tangu ujana, na baridi ya huku imewasaidia kuuficha. Zamani swali lao lilikuwa moja: "Nitakatwa?" Siku hizi bibi ananisalimu "kamwene", anakaa, anamwambia mjukuu atoe simu, nami naonyeshwa video iliyotumwa na ndugu aliyeko Ulaya: mgonjwa kalala, kichwa cha mashine kimewekwa shingoni, hakuna kisu, hakuna damu, jioni anarudi nyumbani. Kisha bibi anasema, "Mwanangu, si mashine ni hii hii? Niyeyushie basi."

Mashine si hii hii. Lakini tiba ya kwenye video, ya kuchoma uvimbe kwa mawimbi ya sauti (kwa Kiingereza huitwa HIFU), ipo kweli, na inawafaa baadhi ya watu. Naandika hatua za kufuata kabla hujaanza kuitafuta, kwa sababu kinachomtenganisha anayefaa na asiyefaa ni vipimo, na vingi kati ya hivyo unaweza kuvianza huku huku kwetu bila kupanda ndege.

Sauti inachomaje nyama

Mashine ninayotumia hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Yakigonga tezi, mwangwi unarudi, kompyuta inauchora uwe picha. Nguvu yake ni ndogo, haiunguzi kitu, ndiyo maana tunaitumia hata kwa wajawazito. Mashine ya tiba hukusanya mawimbi yenye nguvu kubwa yakutane mahali pamoja padogo sana, kama mtoto anavyoshika kioo cha kukuza juani mpaka jani kavu likatoa moshi. Pale yanapokutana, joto hupanda kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na ndani ya sekunde chache nyama ya uvimbe inaiva na kufa. Ngozi na misuli ya njiani hupitiwa na mawimbi yaliyotawanyika, hivyo haifikii joto hilo.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Majaribio yalianza Marekani miaka ya 1940, na miaka ya 1950 ndugu wawili, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, walilitumia kwenye ubongo. Kwenye tezi ya shingo limefika karne hii. Kampuni ya Kifaransa iitwayo Theraclion ilitengeneza mashine ya Echopulse, na madaktari wa Ufaransa, Bulgaria na Hong Kong wameandika matokeo ya wagonjwa waliotibiwa kwayo.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika. Joto halijui linachoma nini. Ukifanyiwa upasuaji, uvimbe uliotolewa hupelekwa maabara ukasomwa, na kama kulikuwa na saratani iliyojificha itaonekana. Ukichomwa, hakuna kinachotoka. Nyama iliyokufa inabaki ndani, mwili unaifyonza polepole kwa miezi. Kama ilikuwa saratani, sehemu ya katikati imeungua na kingo zake bado ziko hai, na picha za baadaye zitakuwa ngumu kusomeka kwa sababu ya kovu. Kwa hiyo usikubali mtu yeyote, wa hapa nchini au wa nje, akuchome uvimbe ambao haujachukuliwa sampuli kwa sindano.

Anzia kwenye kioo

Simama mbele ya kioo penye mwanga ukiwa na glasi ya maji. Inua kidevu kidogo, piga funda, meza, huku ukiangalia sehemu iliyo chini ya koromeo na juu ya mifupa ya kola. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka unapomeza, kwa sababu tezi imeshikamana na koo la hewa. Uvimbe usiotembea ukimeza, au ulio pembeni ya shingo chini ya taya, huenda ni kitu kingine, pengine mtoki, nao unahitaji kuangaliwa.

Kuna dalili ambazo ukiwa nazo acha kusoma hapa, nenda hospitali wiki hii: uvimbe uliokua haraka ndani ya wiki chache, sauti iliyokauka na hairudi, uvimbe mgumu uliogandamana, mitoki pembeni ya shingo, kushindwa kumeza chakula, au kukosa pumzi ukilala chali. Mtu anayekoroma kwa kubanwa koo akiwa macho asingoje siku ya kliniki. Mwambie daktari pia kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani ya tezi, au kama wewe mwenyewe uliwahi kupigwa mionzi ya tiba shingoni ukiwa mtoto.

Usipokuwa na hayo, pumua. Vinundu vya tezi, yaani uvimbe wa mviringo unaoota ndani ya tezi, vimejaa duniani, na vilivyo vingi mno si saratani. Huku kwetu sababu kubwa inajulikana: mvua za miaka na miaka zimeosha madini joto kwenye udongo wa milimani, na bahari iko mbali. Wazee wa nyanda hizi wanakumbuka vidonge vya mafuta yenye madini joto vilivyogawiwa kabla chumvi yenye madini hayo haijaenea. Tezi inayokosa madini joto hutanuka ili ijitahidi kuyanasa, na kwa miaka huota vinundu. Chumvi yenye madini joto inamkinga mtoto wako. Kinundu kilichokwisha kukomaa hakitafutika kwa chumvi.

Karatasi tatu za kubeba

Ya kwanza ni kipimo cha damu cha TSH. Hiki hueleza kama tezi inafanya kazi kupita kiasi au imelegea. TSH ikiwa chini sana, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachomwaga homoni: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula. Hapo njia ni nyingine kabisa: dawa kama kabimazoli, upasuaji, au madini joto yenye mionzi, ambayo hutolewa kwenye vituo vya tiba ya nyuklia kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mwenye hali hiyo asianze kwa kuulizia mawimbi ya sauti.

Ya pili ni ripoti ya ultrasaundi ya shingo, na hapa niruhusu nikae kidogo, maana ni kazi yangu na naona wagonjwa wengi wanaondoka na karatasi isiyowasaidia. "Goita, upande wa kulia" haitoshi. Ripoti nzuri inataja kila kinundu kikubwa kiko upande gani, vipimo vyake vitatu, kama ni kigumu ndani au kimejaa maji au mchanganyiko, kama kingo zake ni laini au zimechongoka, kama kina chembe nyeupe za chokaa, kama urefu wake kwenda ndani umezidi upana, na kama mitoki ya pembeni imeangaliwa. Nyingi huweka pia alama ya TI-RADS, kuanzia 1 hadi 5. Kadiri namba inavyopanda ndivyo shaka inavyopanda. Ripoti yako ikikosa vipimo vitatu, rudi dirishani uombe kwa heshima viandikwe. Ni haki yako, na mpimaji aliyekuwa na picha mbele yake anaweza kuviandika. Omba na picha zenyewe.

Vipimo vitatu vina kazi. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, kisha zidisha jibu kwa 0.52. Utapata ujazo wa kinundu kwa mililita. Chukua kinundu cha sentimita 3.2 kwa 2.5 kwa 2.4: ukizidisha unapata 19.2, mara 0.52 ni karibu mililita 10. Andika namba hiyo nyuma ya karatasi pamoja na tarehe. Kila tiba ya kuchoma hupimwa kwa ujazo, na bila ujazo wa mwanzo hutajua kama ulichofanyiwa kimefanya kazi.

Ya tatu ni majibu ya sindano. Hii ndiyo inayoogopwa. Sindano ni nyembamba, nyembamba hata kuliko nyingi za kutolea damu; mimi au mwenzangu tunamwongoza daktari kwa picha ili ncha iingie penyewe, seli zinafyonzwa kidogo, zinapakwa kwenye vioo, kazi imekwisha ndani ya dakika chache. Nasikia sana kwamba uvimbe ukichokolewa unageuka saratani. Si kweli. Kinundu kisicho saratani hakigeuki kwa kuchomwa sindano, na kilicho saratani kilikuwa hivyo kabla sindano haijaingia. Niliwahi kumwona mama mkulima wa viazi aliyekimbia sindano miaka mingi kwa hofu hiyo; alipokubali hatimaye, majibu yalikuja safi, akalia kwa sababu ya usingizi wote aliokuwa ameukosa bure.

Majibu hupangwa kwa madaraja sita yanayoitwa Bethesda. Daraja la 1 maana yake seli hazikutosha, rudia. La 2 si saratani, na uwezekano wa kukosea ni mdogo, watu wachache tu katika 100. La 3 na la 4 ni shaka. La 5 ni shaka kubwa, la 6 ni saratani. Tiba ya mawimbi ya sauti ninayoieleza hapa ni ya daraja la 2 tu, na madaktari wengi wanaochoma vinundu hutaka sindano ya pili ithibitishe ya kwanza. Kama sampuli haichukuliwi hospitali iliyo karibu nawe, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya badala ya kuruka hatua hii.

Je, unahitaji tiba yoyote?

Swali hili linasahaulika. Kinundu cha daraja la 2 kisichokubana, kisichoongezeka na kisichokusumbua moyoni ukijitazama, mara nyingi huachwa. Unarudi kupimwa baada ya mwaka mmoja au miwili, basi. Sioni sababu ya kuuza ng'ombe ili kuchoma kitu kisichokuumiza. Tiba inakuja pale kinundu kinapokusukuma koo, chakula kikavu kama ugali kinapokwama, kola ya sare inapobana, au muonekano wake unakufanya ukwepe kanisa na harusi. Hilo la mwisho nalo ni sababu halali. Nimeona wasichana walioacha shule kwa ajili yake.

Nani anaifaa tiba hii

Kinundu kiwe kigumu ndani kwa sehemu kubwa, kwa kuwa maji hayaivi kama nyama. Kionekane vizuri kwenye ultrasaundi, kisiwe nyuma ya mfupa wa kifua ambako sauti haipiti, na kisiwe chini kabisa wala juu mno karibu na ngozi. Chokaa nene ndani yake huzuia mawimbi. Ukubwa nao una maneno: madaktari wa Hong Kong waliona vinundu vya mililita 10 kushuka chini vinasinyaa vizuri kuliko vikubwa. Nyuzi za sauti ziwe zinafanya kazi pande zote mbili, na hilo hukaguliwa na daktari wa masikio, pua na koo kabla ya tiba. Mjamzito asubiri.

Ukisoma orodha hiyo utaona kwamba goita nyingi za huku kwetu, zile kubwa zenye vinundu vingi vilivyoshikana na kushuka kifuani, hazimo. Nasema wazi ili usipoteze fedha ya familia. Mwenye goita ya namna hiyo anafaa kwa daktari wa upasuaji, na upasuaji wa tezi ni kazi ambayo madaktari wetu wanaijua. Una kovu, una hatari kwa neva ya sauti na kwa vitezi vidogo vinavyolinda kalisi, na tezi yote ikitolewa utameza kidonge cha homoni kila siku maisha yako yote. Lakini unaondoa mzigo wote kwa mara moja na maabara inapata cha kusoma.

Kinundu kilichojaa maji kina tiba rahisi zaidi: maji hunyonywa kwa sindano, na yakirudi, daktari aliyefunzwa huweka alkoholi safi ndani ili ukuta wake ugandamane. Kigumu kinaweza pia kuchomwa kwa sindano ya umeme wa mawimbi ya redio, njia iliyokuzwa sana Korea Kusini, ambayo imefanyiwa utafiti mwingi kuliko mawimbi ya sauti na inamudu vinundu vikubwa zaidi. Ukienda kuulizia moja, ulizia na nyingine. Mimi ningekuwa na kinundu cha mililita 20 ningeulizia sindano hiyo kwanza.

Ukipata mahali wanapoitoa

Piga simu au andika, tuma karatasi zako tatu, kisha uliza. Mashine yenu imetengenezwa kwa ajili ya tezi ya shingo? Daktari atakayenihudumia ameshatibu tezi, au ametibu faibroidi na tezi dume tu? Vinundu vya ujazo kama wangu vimesinyaa kiasi gani baada ya miezi 6 na 12? Wangapi walikauka sauti, na ilirudi baada ya muda gani? Kama duru ya kwanza haitoshi, ya pili inalipiwaje? Kituo kisichokuomba majibu ya sindano kiache, hata kama bei ni nusu.

Uwe mwangalifu hasa na mashine za saluni. Kuna mashine za urembo za kukaza ngozi ya uso na shingo zinazotumia mawimbi ya sauti yaliyokusanywa, na jina lake linafanana na la tiba hii. Zimepangwa kuchoma milimita chache chini ya ngozi, na anayezishika haoni tezi wala mishipa. Usimruhusu akupitishie juu ya goita. Mashine ya mawimbi ya sauti ya chumba cha mazoezi ya viungo, ile ya kupunguza maumivu ya misuli, nayo haiyeyushi kinundu.

Siku yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Unalala chali, shingo imenyooshwa, unapewa dawa ya kutuliza au ganzi. Kichwa cha mashine kina mfuko wa maji baridi unaolinda ngozi. Mawimbi hupigwa kwa sekunde chache, yanasimama, yanahamia nukta nyingine, hivyo hivyo mpaka sehemu kubwa ya kinundu imepitiwa. Mara nyingi ni chini ya saa moja. Utahisi joto na kuchomwachomwa, pengine maumivu yanayopanda sikioni au kushuka begani. Sema ukiumia, na usimeze wala kukohoa bila kutoa ishara. Daktari huacha makusudi ukingo wa kinundu ulio jirani na koo la hewa, mshipa mkubwa wa damu na neva ya sauti. Kwa hiyo kinundu hakiishi chote, na anayekuahidi kitaisha anakudanganya.

Kama ulichanjwa chale shingoni ulipokuwa mdogo, mwambie daktari mapema. Ngozi yenye kovu huweza kunyonya joto ikaungua.

Baada ya hapo

Siku za kwanza shingo huvimba kidogo na ngozi kuwa nyekundu. Sauti ikikauka, rudi ikaguliwe. Mara nyingi hurudi ndani ya wiki au miezi, lakini lazima aione daktari. Homa, ngozi kufanya malengelenge, au shida ya pumzi ni mambo ya siku hiyo hiyo.

Usijitazame kioo kila asubuhi. Kusinyaa huchukua miezi, na matokeo ya kawaida ni ujazo kupungua kwa karibu nusu baada ya miezi 6. Nusu ya ujazo haionekani kama nusu kwa macho. Kile kinundu chetu cha mililita 10 kikifika 5, urefu wake unatoka sentimita 3.2 hadi kama 2.5 tu. Koo litahisi nafuu kabla jirani hajaona tofauti. Mtu asiyeambiwa hili hukata tamaa mwezi wa pili na kukimbilia dawa nyingine.

Na dawa hizo nyingine ziogope, hasa vidonge na unga wa mwani wa baharini vinavyouzwa kama tiba ya goita. Mwenye vinundu vya muda mrefu akimiminiwa madini joto mengi kwa ghafla, tezi inaweza kuanza kumwaga homoni kupita kiasi, moyo ukaenda mbio hadi hatari. Zimbabwe waliona ongezeko la ugonjwa huo miaka ya 1990 baada ya madini joto kuongezwa kwenye chumvi. Chumvi ya kawaida ya jikoni, yenye madini joto, iliyofunikwa vizuri na kutiwa chakula kinapokaribia kuiva, inatosha.

Panga ultrasaundi ya miezi 3, 6 na 12, pamoja na TSH. Ikiwezekana rudi kwenye mashine ile ile na kwa mpimaji yule yule, na ubebe picha za zamani zote. Mwambie aandike vipimo vitatu, ukokotoe ujazo mwenyewe ukiwa bado hapo kitandani, na ukiona unapanda tena badala ya kushuka, omba sindano nyingine kabla ya kukubali duru ya pili.